Tosha ya Sokoni

Mimi ndiye niliyemfundisha Ursule kushika chaki. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi hapa Kisangani wanamsimulia kana kwamba alishuka kutoka mbinguni na kitabu mkononi. Alikuja kwetu kutoka Isangi, binti wa wavuvi, viatu kavishika kwa ajili ya tope, akiomba kazi yoyote. Mimi ndiye niliyemwambia mkurugenzi amchukue. Mimi ndiye niliyemweka kwenye benchi la nyuma la darasa langu mwaka mzima, aangalie, aandike na anyamaze. Leo nikisikia watu wanamsifu, nabadilisha mazungumzo.

Kituo chetu kipo mtaa wa Makiso: nyumba ya vyumba vitatu, ua wa nyasi, na mlinzi mmoja, Rolly, anayelala mchana bila aibu. Tunawafundisha Kiswahili wageni, yaani wauguzi, mapadre wapya, na hasa watafiti wa msitu. Mkurugenzi anaitwa Papa Noël. Kwa Kifaransa hilo ni jina la yule mzee wa zawadi za Krismasi, na kila mzungu hucheka siku ya kwanza. Wakishamzoea wanaacha, maana hatoi zawadi.

Mimi naitwa Sikujua. Nimefundisha miaka kumi na tisa katika chumba cha kwanza, chini ya ubao wa baba yangu. Baba, mwalimu Yunus, aliuchora kwa mkono wake huko Yangambi, alipokuwa akiwafundisha Kiswahili mabwana wa kilimo kwenye kituo cha utafiti. Ngeli zote zipo, kwa rangi nyekundu na nyeusi: mtu na watu, kiti na viti, mti na miti, mpaka chini. Mstari wa mwisho kabisa hauonekani. Niliufunika kwa kalenda zamani, kwa sababu zangu, na kila mwaka nabadilisha kalenda.

Nilizaliwa Yangambi. Niliondoka huko nina miaka tisa, nimekaa juu ya magunia kwenye boti, ubao umelazwa kando yangu, na baba ananiambia tutarudi. Hatukurudi. Baba tulimzika hapa Kisangani, na tangu siku ile nimekuwa nikisema moyoni kwamba nitaurudisha ubao kule mimi mwenyewe. Kwa hiyo watu wa kituo cha utafiti cha Yangambi walipoandika kwamba wanataka mwalimu mmoja akae nao mwaka mzima, nyumba ipo, karibu na mto, sikuuliza ni nani atakayekwenda. Nilianza kufua mapazia.

Kisha Ursule akarudi kutoka Kampala.

Alikuwa amepelekwa mafunzo ya miezi miwili, na mimi mwenyewe nilikuwa nimesema aende yeye, mimi nina darasa. Alirudi na nywele mpya, daftari la jalada la kijani, na maneno. Tulikaa watatu ofisini, Papa Noël mezani, sisi walimu wawili mbele yake.

"Kule tulijifunza kufundisha kwa kazi," Ursule alisema. "Mwanafunzi unamupa kazi, anaifanya kwa Kiswahili mupaka inaisha. Lugha inamuingia kwa kuitumikisha."

"Kazi gani?" niliuliza.

"Kazi ya kweli, mama Sikujua. Kutafuta nyumba ya kukodi. Kupanga safari ya Banalia. Kupatanisha majirani wenye kugombana."

"Na sarufi?"

"Sarufi inakuya kisha."

"Kisha," nikarudia, nikamgeukia Papa Noël ili tucheke pamoja. Hakucheka. Alikuwa anaandika. Hapo ndipo wivu uliponishika, na sitaupa jina lingine. Miaka kumi na tisa sikuwahi kumwona Papa Noël akiandika jambo nililosema mimi.

Sasa, hapa kwetu neno kazi likitajwa shuleni lina maana moja. Kila aliyesoma Kisangani anaijua. Ni salongo: Jumamosi asubuhi, watoto wote na mafagio na mapanga, nyasi za shule zinafyekwa na maji ya mwalimu yanachotwa. Mimi nami nikalielewa hivyo, nusu kwa ujinga na nusu kwa makusudi. Nilimwendea Rolly nikamwambia, "Jumamosi wanafunzi ya Ursule wanafanya kazi. Ni njia ya mupya. Utayarishe mapanga."

"Wazungu?" Rolly aliuliza.

"Wazungu."

Jumamosi Ursule alifika akawakuta wanafunzi wake wanne uani, kila mmoja na panga, na Rolly amesimama mbele yao macho wazi kama hajawahi kulala maisha yake. Mimi nilikuwa dirishani na kikombe changu cha chai, nimejiandaa kufurahi. Ursule aliwaangalia, akaniangalia mimi, akaelewa. Kisha akamwambia Rolly, "Bon. Waelezee, kwa Kiswahili tu. Na nyinyi, kama hamuelewi, mumuulize yeye, musiniulize mimi."

Saa mbili nzima Rolly aliwaonyesha jinsi ya kushika panga, mahali nyoka anapopenda kujificha, na nyasi ipi inaachwa kwa ajili ya mbuzi wa jirani. Walimuuliza, wakakosea, wakamuuliza tena. Kulikuwa na mama mmoja mtafiti wa vipepeo, sisi tulimwita Mama Vipepeo. Alimaliza asubuhi ile akijua kusema kwamba panga lake halikati, mgongo unamuuma, na Rolly ni mvivu. Wanafunzi wangu mimi huyafikia maneno hayo mwezi wa tano wa masomo. Chai ilinipoa mkononi.

Tangu siku ile nikawa mtu wa kwenda msalani mara nyingi, kwa sababu njia ya msalani inapita kwenye dirisha la chumba cha Ursule. Nilichoona kilinikera na kunifurahisha kwa pamoja. Wanafunzi wamesimama, ramani ya mji imetandikwa mezani, mmoja anasema tuanze sokoni, mwingine anasema hapana, tuanze mtoni, wanabishana kwa Kiswahili kilichovunjika kila kiungo. Na mwalimu? Mwalimu kimya. Anazunguka nyuma yao na daftari lake la kijani, anaandika, hasahihishi hata neno moja. Mtu anasema "kitu mikubwa" mbele yake, naye anapita tu.

Nikirudi chumbani kwangu nakuta utulivu. Zamani niliupenda utulivu ule. Chaki inasikika, kalamu zinasikika, watu wananakili. Sasa, kicheko cha chumba cha pili kikipenya ukutani, niliwaona wanafunzi wangu wakiinua vichwa kwa pamoja, na mmoja wao akitabasamu kwa jambo ambalo halikuwa letu. Ningeweza kumrushia chaki. Baada ya wiki mbili, wawili waliniomba kwa adabu sana wahamie kule. Niliwaambia waende, mlango hauna kufuli, kisha nikakaa nusu saa bila kuweza kuandika tarehe kwenye ubao wa chaki.

Nikabaki na mtafiti mmoja wa miti, mrefu, mpole, tuliyemwita Papa Miti. Yeye alipenda majedwali. Aliweza kutaja ngeli zote bila kumeza mate, na ukimpa jina lolote anakurudishia kiambishi chake kabla hujafumba mdomo. Alikuwa fahari yangu, na nilihakikisha Papa Noël anamsikia kila alipopita.

Siku moja sikuvumilia, nikaenda ofisini.

"Papa Directeur, ule Ursule hafundishi," nilisema. "Anapumuzika. Wanafunzi wanasema makosa, yeye anatembea, anaandikia mutu wake barua. Ile ni michezo. Sarufi ametupa. Na tena, ile njia ni ya wale wanaojua tayari. Mutu asiyejua kitu utamupa kazi gani?"

Papa Noël alinisikiliza mpaka mwisho, akikuna ndevu zake nyeupe. "Mama Sikujua, ulishamuuliza yeye mwenyewe?"

"Nimuulize nini? Nina macho."

"Bon," alisema. "Yangambi wananiuliza kila juma nani anakuya. Donc tufanye hivi. Siku ya Ijumaa, sokoni. Mwanafunzi mumoja wako, mumoja wa Ursule. Kila mutu anunue mbinzo, azungumuze na muuzaji, arudi hapa atuelezee. Mwalimu wa ule atakayeweza, ndiye atapanda boti."

Mbinzo ni viwavi, kitoweo chetu, na muuzaji wa mbinzo ni mtu wa maneno mengi. Nilitoka ofisini nimefurahi. Kama hiyo ndiyo kazi yao yenyewe, nilijiambia, nani hawezi? Unamfungulia mtu mlango, unamsukuma nje, basi. Na wangu ana ngeli zote kichwani, wa kwake ana nini? Ana panga lisilokata.

Wiki ile Ursule alikwenda sokoni akarekodi sauti za wauzaji kwenye simu. Darasani wakawa wanazisikiliza, wanasimamisha, wanasikiliza tena. Kisha Ursule anajifunga kitenge, anakaa nyuma ya beseni, anajifanya muuzaji mkorofi, na Mama Vipepeo anabembeleza. Nilipoyaona hayo nilikasirika. Si njia yao ni kuwatupa watu mtoni waogelee wenyewe? Sasa mbona anamwandaa? Niliona ni udanganyifu, mtihani kabla ya mtihani. Kwamba maandalizi yale ni sehemu ya njia yenyewe, halikunipitia akilini, na lingenipitia ningelifukuza.

Mimi nilimwandaa Papa Miti kwa njia yangu. Hata Ijumaa asubuhi, tukiwa juu ya toleka, zile baiskeli za abiria, yeye yake na mimi yangu, nilikuwa nampigia kelele kuvuka barabara: "Ukuta!" na yeye ananijibu, "Kuta, u, zi!" Kijana aliyenibeba aliniuliza kama mzungu yule ni mgonjwa.

Mama Vipepeo alikwenda kwanza. Muuzaji alikuwa mama Célestine, mnene, mchangamfu, anayejulikana soko zima. Mama Vipepeo akamsalimu, akashika mbinzo moja, akauliza imetoka wapi, akasikia imetoka njia ya Banalia, akasema ya juma lililopita ilikuwa kubwa zaidi, wakabishana, wakacheka. Mimi nilisimama nyuma ya gunia la chumvi nikihesabu makosa yake. Yalifika kumi na moja, na kila moja lilinipa raha. Aliondoka na mfuko wake umejaa, na juu yake ile nyongeza ya bure tunayoiita matabishi.

Kisha akaja Papa Miti.

"Hujambo, mama. Ningependa kununua viwavi hawa," alisema, kila herufi mahali pake. Nilimtazama Papa Noël kuona kama amesikia.

"Viwavi ndiyo nini?" mama Célestine aliuliza. "Hii ni mbinzo, papa."

Alijaza kopo, akamimina mfukoni. Halafu, kwa sababu mgeni ni mpole na mrefu, akaanza kumwongezea matabishi, konzi ya kwanza, konzi ya pili, konzi ya tatu. Papa Miti aliona aibu kupewa vingi hivyo. Alitaka kumwambia kwamba imefika, asijisumbue. Nilimwona akienda kichwani mwake mpaka kwenye ubao wa baba. Viwavi wanatosha, hilo alilijua usingizini. Lakini mbinzo? Ni neno la Kilingala, na ubaoni halimo. Wanatosha? Zinatosha? Yanatosha? Jasho lilimtoka, midomo inacheza, na mama Célestine bado anaongeza. Mwishowe, kwa kukosa kiambishi, akatoa kitenzi kitupu.

"Tosha," alisema.

Hapa niwaeleze wasiotoka kwetu. Vitabuni kutosha ni kufikia kiasi. Kwetu kutosha ni kutoa. Tunasema tosha sufuria motoni, tosha viatu mlangoni, tosha mutoto kwenye maji. Na kitenzi kisicho na kiambishi ni amri, hilo nilimfundisha mimi mwenyewe.

Mkono wa mama Célestine ulisimama hewani. "Nitoshe?"

"Ndiyo, mama. Tosha."

Basi akatosha. Akaingiza mkono mfukoni, akachota konzi, akairudisha kwenye beseni. Papa Miti alishtuka, akadhani hakusikika vizuri. "Hapana, mama. Tosha, tosha." Akachota mbili kwa haraka. "Mama, tosha," akasema tena, mikono miwili mbele, na kadiri alivyosema ndivyo mama Célestine alivyochota, mpaka mfuko ukawa mtupu. Akaukung'uta, akaukunja vizuri, akamkabidhi kwa mikono yote miwili.

"Umesema nitoshe, nimetosha," alisema. "Sasa unakasirika nini, papa?"

Soko lilicheka kuanzia kwenye chumvi hadi kwenye samaki. Mwanamke mmoja anayeuza pondu, majani ya muhogo, ilibidi akae chini. Papa Miti, uso mwekundu, akanitafuta kwa macho nyuma ya gunia langu, kama mtoto anayemtafuta mama yake kwenye umati. Mimi niliangalia mapaa ya soko.

Tuliporudi kituoni niliwahi kuzungumza kabla ya mtu yeyote. Nikikasirika, Kiswahili changu cha darasani kinanitoroka. "Munaona ile kazi yenu ya sokoni?" nilisema. "Mwanafunzi wangu muzuri mumemuharibu. Mumemuchekesha mbele ya watu. Ndiyo kufundisha ile?"

Ursule hakujibu ukali wangu. "Mama Sikujua, naomba niongee naye," alisema. Papa Noël akatikisa kichwa kukubali kabla yangu.

Tulikuwa chumbani kwangu, chini ya ubao. Ursule alikaa kando ya Papa Miti, si mbele yake. "Ilikuwa aje?" alimuuliza. "Utuelezee." Na Papa Miti, polepole, kwa aibu, akaeleza yote: alichotaka kusema, alichosema, alichofanya yule mama. Mama Vipepeo na wenzake walikuwa wakisikiliza. Ursule alifungua daftari la kijani akaandika, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama nyuma yake, kwa mara ya kwanza nikaliona ndani.

Kila ukurasa ulikuwa na jina la mwanafunzi. Chini ya jina, makosa yake, moja baada ya jingine, na tarehe, na kando ya kila kosa, mpango wa kulirudia. Kitu mikubwa ilikuwamo. Makosa yote niliyodhani ameyaacha yapite alikuwa ameyaokota, na mengine niliyokuwa siyajui. Hakukuwa na barua wala mchumba. Ile kisha yake ya sarufi ndiyo hii, iliyokuwa daftarini muda wote nilioupoteza dirishani.

Aliinuka akachukua chaki. "Moto unawaka," alisema. "Wewe unafanya nini?"

"Ninauwasha," Papa Miti alijibu.

"Mutoto anaanguka kwa sababu yako?"

"Ninamwangusha."

"Mbinzo inatoka mufukoni, kwa mukono wa mama?"

Papa Miti aligeuza mkono wake kama anayechota. Uso wake ukaanza kufunguka. "Anaitosha," alisema. "Waka, washa. Anguka, angusha. Toka, tosha. Lakini hii ni kanuni. Ni kanuni safi kabisa." Akageuka kuutazama ubao ambao aliupenda kuliko sisi sote. "Kwa nini haipo pale?"

Hakuna niliyemchukia duniani dakika ile kama Ursule. Alikuwa amefundisha sarufi, yule niliyesema ameitupa, na aliifundisha vizuri kuliko mimi, kwa sababu Papa Miti hataisahau mpaka kaburini. Na hakumaliza hapo. Alikuwa anaiangalia kalenda yangu. Mwaka mzima kwenye benchi la nyuma, kila jioni akifagia chumba kile: alijua kilichokuwa chini yake.

"Mama," alisema taratibu, "naweza kutosha kalenda?"

 Aliyeitosha ni Papa Noël.

Mstari wa mwisho wa baba ulikuwa mwekundu bado, haujaonja jua. Juu yake baba alikuwa ameandika KWETU. Kisha: waka, washa. Anguka, angusha. Toka, tosha. Niliufunika mwaka niliorudi kutoka chuo cha ualimu. Msahihishaji mmoja alikuwa amenicheka mbele ya wenzangu wote kwa kusema nitatosha kitabu kwenye mfuko. Alicheka mpaka akafuta machozi, na nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kwamba Kiswahili cha kwetu si cha kuwapa wageni. Nyumbani kwangu nasema tosha tangu alfajiri. Asubuhi ileile nilimwambia binti yangu Djamila atoshe chai motoni.

"Mama Sikujua," Papa Noël aliuliza, bila ukali, "haukujua?"

Jibu moja lilinijia haraka, nalo ni jina langu. Lakini baba alikuwa pale ukutani kwa rangi nyekundu.

"Nilijua," nikasema.

Yangambi ilikwenda kwa Ursule. Hakuna aliyenisema vibaya. Papa Noël aliniambia labda mwaka kesho, kwa sauti ile anayowaambia watu labda. Papa Miti pia alikuwa anahamia kule kwa ajili ya miti yake, kwa hiyo hata yeye angekaa kwenye darasa la Ursule. Alikuja kuniaga kwa Kiswahili kisicho na kosa hata moja, nami nilimjibu vizuri, kisha nikajifungia chumbani nikalia kwa hasira.

Nilimwonea Ursule wivu kwa kila kitu. Nilimwonea wivu umri wake, daftari lake, miguu yake itakayokanyaga ufuko ambao nilikimbia juu yake kabla yeye hajazaliwa. Niliionea wivu hata ile nyumba ya karibu na mto kwa kuwa itamsikia yeye akiimba asubuhi. Nilikwenda kuswali, wivu ukanisubiri mlangoni pamoja na viatu.

Siku moja kabla ya boti, saa sita mchana, wanafunzi wameondoka, Ursule aliingia chumbani kwangu. Alisimama karibu na benchi la nyuma, mahali pake pa zamani.

"Mama, nina ombi," alisema.

"Sema."

"Ubao." Aliangalia chini. "Si kwa kuuchukua kabisa. Mwaka moja tu. Nitawafundisha na ule mustari wa chini. Na nitawaambia ni wa nani." Akauonyesha kwa kidevu. "Tena, mama, kwao ni kule."

Nilihisi mkono wangu unataka kumpiga kofi. Kwao ni kule. Na mimi, kwetu ni wapi? Amechukua wanafunzi wangu, amechukua safari yangu, sasa anataka na baba. Nilikuwa nimejiapiza kwamba ubao utarudi Yangambi nikiwa nimekaa kando yake. Nilimtazama muda mrefu. Nikautazama ubao, ule mstari mwekundu ulionyamazishwa miaka yote, kwa mkono wangu, katika chumba ambamo hakuna mtu angeuhitaji.

"Tosha," nikasema.

Ursule hakusogea. Mwaka mzima alinisikia nikilisema neno lile darasani, mkono juu, nikitaka kelele ziishe. Alinitazama usoni, akashindwa kusoma jibu.

"Mama," aliuliza kwa sauti ndogo, "tosha ya darasani, ao tosha ya sokoni?"

Ningeweza kuchagua. Nasema ukweli, nilikaa nayo mdomoni, na ya darasani ilikuwa tamu.

"Ya sokoni," nikasema.

Alivua viatu akapanda juu ya meza yangu. Rolly aliamshwa aje ashike upande wa pili. Waliushusha, wakaufunga kwa vitenge viwili, na Ursule akapiga magoti mbele yangu kunishukuru, nami nikamwambia ainuke, aangalie rangi isichubuke, na boti ya kesho wasiulaze juu ya magunia yenye unyevu. Niliyasema yote hayo kwa ukali. Hakuna siku niliyompenda, na siku ile pia sikumpenda.

Bandarini sikwenda. Niliingia darasani kama kawaida. Ukutani pale ubao ulipokuwa palibaki mraba mkubwa mweupe, na wanafunzi wapya, watatu, walikuwa wanautazama huo badala ya kunitazama mimi. Nilichukua kalenda yangu nikaitundika katikati. Haikutosha.